Bei ya Mjane (Sehemu ya Sita)

Aliyesimama mlangoni alikuwa Kyengo.

Wilkister alikuwa ametoka jikoni na sinia la chai, amevaa kitenge chake kipya, tayari kuwapokea watu waliokuja kumposa binti yake Akoth. Hapo ndipo tulipomwacha wiki jana. Alikuwa ameambiwa kwamba wageni watakuja na msemaji mwenye mdomo mtamu, mjomba wa kijana. Hakuambiwa kwamba mdomo wenyewe anaujua. Huyo mjomba, na kofia yake ya heshima, ndiye yule muuza malori wa Ruiru ambaye Wilkister alikuwa amemtoa jasho mwezi mzima.

Kwa aliyekosa gazeti, mambo yalikuwa hivi. Wilkister ana duka la vifaa vya ujenzi hapo Witeithie. Miaka yote amekuwa akikodi malori ya watu kubeba mawe kutoka machimbo ya Ndarugo, na wenye malori humpandishia bei mvua ikinyesha, na jua likiwaka humpandishia pia. Mwaka huu akaamua kununua tipa, lori lake mwenyewe la kumwaga mawe, jipya kabisa, lenye harufu ya plastiki ndani.

Lakini Wilkister si mtu wa kulipa bei aliyotajiwa. Alienda kwenye yadi ya Ruiru mwisho wa mwezi, wakati wauzaji wanahangaika kufikisha mauzo yao. Akaenda Thika, akapewa bei ya yadi nyingine, akairudisha Ruiru na kumwambia Kyengo bila kupepesa macho. Akakataa redio, akakataa mazulia ya miguuni, akataka badala yake sevisi za mwaka mzima bila malipo. Mara mbili aliinuka akaenda zake, na mara zote mbili Kyengo alimfuata hadi barabarani.

Kisha bei ikagoma kushuka. Hapo ndipo Wilkister aliinamisha kichwa, akamwambia Kyengo kwa sauti ya chini kwamba yeye ni mjane.

Mume wake, Erastus, saa hiyo alikuwa nyumbani akipalilia sukuma wiki.

Sasa Erastus huyo huyo aliinuka kwenye kochi, akanyoosha mkono kumsalimu mgeni.

Kyengo aliushika ule mkono, akauangalia, akamwangalia mwenye mkono. Akauliza kama yeye ndiye mzee wa boma. Erastus akasema ndiye, baba Akoth mwenyewe. Kyengo akauliza habari ya afya. Erastus akasema anamshukuru Mungu, ni goti tu linasumbua wakati wa baridi. Kyengo akauliza kama hakuna ugonjwa mwingine, kwa mfano presha. Erastus akasema presha hana.

"Mungu ni mkubwa," Kyengo alisema, na wote waliosikia walidhani ni adabu tu.

Wilkister aliweka sinia mezani. Akamkaribisha mgeni kama mtu ambaye hajawahi kumwona duniani, akamuuliza jina, akampa mkono mkavu. Kyengo akajitaja. Erastus, kwa sababu alipenda kuzungumza na wageni, akamuuliza anafanya kazi gani.

"Nauza malori, mzee. Huko Ruiru, karibu na Kamakis," Kyengo alijibu. "Lakini siku hizi nafariji wajane sana."

Erastus akasema hiyo ni kazi njema. Wilkister akamimina chai nje ya kikombe.

Tusimwonee mama wa watu lakini. Siku ile bei ilipogoma, Kyengo naye alikuwa na maneno yake. Alimwambia Wilkister kwamba akishusha zaidi, atakosa kamisheni yake, na kamisheni hiyo ndiyo inayolipa hospitali ya mama yake, ambaye amelazwa Thika, yuko kwa oksijeni, hajui mtu. Wilkister alimpapasa bega kwa huruma, na hakuongeza hata shilingi.

Basi nyuma ya wazee wa Kikamba waliokuja na Kyengo akaingia nyanya mmoja na kiondo chake, anatembea haraka, analalamika kwamba dereva aliyewaleta anaendesha kama mtu mwenye usingizi. Nzioki, kijana mwenyewe anayetaka kuoa, alimtambulisha kwa furaha: huyu ni susu, yaani nyanya yake, mama wa mjomba Kyengo, anaitwa Mwelu.

Wilkister aliuona mlango ukifunguka mbele yake, naye akaingia.

"Karibu, mama. Uliruhusiwa lini kutoka hospitali?"

Mwelu akamwambia hajui ni hospitali gani inayosemwa. Kitanda cha hospitali alikilalia mara ya mwisho akimzaa huyu Kyengo, na alivyomsumbua siku hiyo aliapa hatarudi. Wazee wakacheka. Kyengo akavua kofia yake, akawa anaangalia ndani yake kama aliyepoteza kitu.

Basi wakawa sawa. Huyu ana marehemu sebuleni, yule ana mahututi, na wote wawili walikuwa wanakula mandazi kwa hamu nzuri kabisa.

Maneno yakaanza. Ndugu ya Erastus aliyetarajiwa kuwa msemaji alikuwa hajafika kutoka Homa Bay, kwa hiyo Erastus angejisemea mwenyewe, na anayemjua Erastus anajua maana yake ni kwamba msemaji angekuwa Wilkister. Wakamba walikuwa wamekuja na mbuzi watatu ndani ya pikapu, kama desturi yao inavyotaka. Wajaluo, upande wa msichana, wakauliza iko wapi ile pesa ya mama wa msichana, inayotangulia kabla ya kitu chochote. Kyengo akaeleza kwamba kwao mbuzi ndio hutangulia. Wilkister, akiwa amekaa pembeni ya mume wake, akasema mbuzi wamekaribishwa na hakuna aliyewazuia kuja pamoja na pesa. Kisha akasikika akimnong'oneza Erastus, na Erastus akataja ng'ombe kumi.

Kyengo akaomba aonyeshwe mahali pa kunawa mikono. Wilkister akasema atampeleka.

Nyuma ya jikoni kulikuwa na tangi la maji. Kyengo hakufungua mfereji.

"Mama, uliniambia alikufa Februari."

"Na wewe mama yako alikuwa kwa oksijeni."

"Mimi niliongopa kidogo tu. Wewe ulizika mtu."

Wilkister akamwambia biashara ni biashara, bei wameshakubaliana, malipo ya kwanza ameyatoa, na Jumatatu anakuja kumaliza na kuchukua tipa lake. Kyengo akatikisa kichwa. Akamweleza jambo ambalo Wilkister hakuwa analijua.

Ile bei haikutoka kwake. Yeye alikuwa amefika mwisho wake zamani. Alienda kwa mwenye yadi, Madam Perez, akamsimulia habari za mama mjane wa Witeithie. Na Madam Perez, ambaye hajawahi kumpunguzia mtu hata bei ya kipangusa kioo, alimzika mume wake mwaka juzi. Shemeji zake walitaka kumnyang'anya ile yadi kabla hata maua hayajakauka kaburini. Alimsikiliza Kyengo, kisha akatoa laki tatu kwenye faida yake mwenyewe, akasema huyo mama apewe lori na asisumbuliwe.

Wilkister alisimama. Siku zote hizo alikuwa anaamini bei ilishuka kwa sababu ya akili yake. Ile habari ya ujane aliihesabu kama chumvi tu ya juu. Akauliza kama huyo madam aliamini mara moja.

Kyengo akaangalia chini. Akasema madam aliuliza maswali, na yeye ikabidi aongeze kidogo. "Nilimwambia nilifika hadi mazishini. Nikamwambia kulinyesha."

Kwa hiyo, akaeleza, ukweli ukijulikana, Wilkister atapoteza bei na yeye atapoteza kazi. Wakae kimya wote wawili. Lakini kunyamaza nako kuna gharama yake, na yeye leo ametumwa na ukoo wake, hawezi kurudi nyumbani na ng'ombe kumi shingoni.

"Huko ndani mzee amesema kumi," Kyengo alisema. "Wewe mnong'oneze watano. Jumatatu njoo uchukue lori, mimi sijui kitu."

Hapa msomaji asimhukumu Wilkister haraka. Alikuja Thika na Erastus wakiwa na mkeka na sufuria mbili, na karibu kila mtu aliyemuuzia kitu miaka ile alimpunja, kwa sababu hakujua mji na hakujua kuuliza. Alijifunza kwa uchungu. Tangu hapo, akiona bei inayumba, hawezi kuiacha ikae wima tena. Mkono wake huenda wenyewe.

Akapiga hesabu kichwani. Lori hufanya kazi kila siku. Ng'ombe wa mahari huja mmoja mmoja kwa miaka, na wengine hawaji kabisa. Laki tatu iko mkononi. Akamwambia Kyengo sita.

Kyengo akasema watano ni watano.

"Sita," Wilkister alisema, "na unaniwekea turubai ya lori."

Kyengo alifikiri. Turubai angeweza kuitoa stoo bila kelele. Akakubali, wakapeana mikono, na Wilkister akahisi ule utamu anaousikia kila mara bei inapokaa pale anapoitaka. Ulidumu mpaka alipoinua macho. Dirisha la jikoni lilikuwa wazi, na Akoth alikuwa amesimama hapo na mwiko mkononi, anamwangalia.

Akoth alifunga dirisha polepole, kama mtu anayefunika chakula.

Waliporudi sebuleni, Wilkister alimnong'oneza mume wake kwamba sita wanatosha. Erastus alishangaa, kwa sababu hajawahi kumwona mkewe akishusha kitu, lakini akasema sita. Wazee wa Kikamba wakatazamana. Mmoja akamgusa Kyengo goti, kumpongeza kwa kazi nzuri ya kule kwenye kunawa mikono.

Ikabaki desturi moja. Msichana aitwe, aulizwe mbele ya watu kama anawajua hawa wageni, na kama vitu vyao vipokelewe.

Akoth akaingia. Ni mwalimu wa chekechea, na ana ile namna ya kusimama mbele ya watu mpaka wanyamaze bila kuambiwa. Aliwasalimu wote mmoja mmoja. Alimsalimu Mwelu kwa mikono miwili. Akamwangalia Nzioki, ambaye alikuwa anatabasamu bila kujua dunia inaelekea wapi. Erastus akamuuliza lile swali.

"Nzioki namjua, baba, na ninampenda," Akoth alisema. "Lakini kabla sijajibu, mama aniambie kama naolewa peke yangu ama naenda pamoja na turubai."

Mwelu akamuuliza mjukuu wake kwa Kikamba ni turubai gani. Nzioki hakujua. Erastus akauliza pia, na kwa sababu hakuna mwingine aliyefungua mdomo, Akoth alieleza yote, taratibu, bila kupandisha sauti, vile anavyowasimulia watoto wake hadithi kabla ya kulala mchana. Yadi ya Ruiru. Mama mjane. Oksijeni. Laki tatu. Tangi la maji. Ng'ombe kumi, watano, sita, turubai.

Nzioki alimgeukia mjomba wake, na lile tabasamu likaondoka usoni. Mwelu naye alikuwa ameelewa sehemu ya oksijeni. Alimwita mwanawe jina lake lote la ubatizo, mara moja tu, na Kyengo akajikunja kwenye kiti akawa kama mtoto wa darasa la pili.

Lakini watu walikuwa wanamwangalia Erastus.

Erastus aliweka kikombe chini. "Mimi nilikufa lini?"

Kyengo, ambaye kazi yake ni kujibu maswali ya wateja, alisema, "Februari, mzee."

"Niliugua?"

"Ilikuwa presha. Ya ghafla."

Erastus akatikisa kichwa kama mtu anayepokea habari za jirani. Akauliza kama watu walikuja kwa wingi. Kyengo akasema kulikuwa na mvua, lakini walijitahidi. Kisha Erastus akamgeukia mkewe, akamuuliza kama zile laki tatu zilikuwa bei ya kufa kwake peke yake ama kulikuwa na kitu kingine ndani yake. Wilkister akasema zilikuwa za kufa kwake peke yake.

Basi Erastus akasema kwamba alifanya kazi kwenye kiwanda cha nguo hapo Thika mpaka mashine zikamharibu masikio, amesomesha watoto, hajawahi kulala nje, na kama angeulizwa mapema, angejiwekea bei ya juu kidogo.

Hakuwa na hasira. Angekuwa na hasira, Wilkister angejua la kufanya, kwa sababu na hasira pia mtu hupatana bei. Lakini yule mzee alionekana tu kama mtu aliyesahaulika mahali. Wilkister aliangalia mikono yake mwenyewe. Akasema polepole kwamba yalikuwa ni maneno ya biashara.

"Najua, mama Akoth," Erastus alisema. "Ila mtu hupenda kuambiwa."

Wilkister akainuka. Alimwendea binti yake, akasimama mbele yake, na kwa mara ya kwanza katika hadithi hii alishindwa kuanza. Akamwambia amekosea. Akamwambia alipokuwa kule kwenye tangi hakuwa anamfikiria Akoth hata kidogo, na hilo ndilo baya lenyewe. Akoth akamjibu kwamba alimwona, na kilichomuuma si hesabu ya ng'ombe. Kilichomuuma ni kwamba mama yake alikuwa na furaha.

Wilkister akamgeukia Kyengo, akasema mbele ya wote kwamba yale ya kwenye tangi ameyafuta, sita na turubai yake, na Jumatatu atakwenda Ruiru kumweleza Madam Perez kwa mdomo wake. Kama ni bei kurudi juu, irudi. Kyengo akaanza kumsihi afikirie kazi ya mtu.

Simu yake ikalia.

Aliangalia jina, akasimama. Akajibu "ndiyo madam" mara kadhaa, na kila moja ilikuwa nyembamba kuliko iliyotangulia. Alipomaliza, alibaki ameshika simu hewani.

Madam Perez hakuweza kungoja Jumatatu, alisema. Jana hakulala akimfikiria yule mama. Ameona si vizuri mjane ahangaike kuja mpaka Ruiru, kwa hiyo ameamua kumletea lori nyumbani mwenyewe, limeoshwa, limefungwa utepe. Amekuja na mchungaji wa kanisa lake wa kuliombea, na mtu wa kupiga picha. Ameshatoka barabara kuu. Anauliza kama geti ni lile ambalo pikapu yenye mbuzi imesimama nje.

Honi ikalia, nzito, ya lori jipya. Mbuzi wakajibu.

Watu waliokuwa wamekasirika sasa hivi wakawa kitu kimoja. Mzee mmoja wa Kikamba akasema kwa heshima kubwa kwamba labda baba Akoth apumzike chumbani nusu saa. Mwingine akaunga mkono. Hata Mwelu alisema lori ni lori, na mtu akishakufa Februari, kufa tena kidogo hakumdhuru. Kyengo alikunja mikono kifuani kama anayesali. Ni Akoth na Nzioki tu ambao hawakuunga mkono.

Erastus aliwaangalia wote. Kisha akainuka kwa shida, kwa sababu ya goti, akaenda chumbani akafunga mlango.

Wilkister akatoka kwenda getini peke yake.

Tipa lilikuwa jeupe, linameta, refu kuliko ukuta. Mbele yake alisimama mama mwembamba aliyevaa nguo nyeusi, si mkubwa sana. Wilkister alikuwa amejitayarishia mwanamke tajiri. Huyu alikuwa na macho ya mtu ambaye bado anatandika kitanda upande mmoja. Hakungoja salamu. Alimkumbatia Wilkister, akamwambia, "Pole, dada yangu. Najua, najua vile nyumba hunyamaza," na machozi yake yakamlowesha Wilkister begani, ya moto, machozi ya kweli.

Mtu wa picha akainua kamera. Mchungaji akafungua Biblia.

Mwezi mzima Wilkister alikuwa amemwomba yule mama kitu baada ya kitu bila kumjua. Sasa, akiwa ameshikwa hivyo, hakupata hata kimoja cha kuomba. Akajitoa polepole, akamshika mikono. "Madam, kuna jambo nataka kukuambia kabla mchungaji hajaanza."

Madam Perez hakuwa anamsikiliza. Alikuwa anaangalia juu ya bega lake.

Mlango wa nyumba ulikuwa umefunguka. Erastus alikuwa anakuja, polepole, amevaa suti yake ya kanisa na tai, viatu vimepigwa rangi, nywele zimechanwa na maji. Nyuma yake, mlangoni, wageni wote walikuwa wamejazana bila kupumua. Alipita mbuzi, akapita pikapu, akalitazama lori kutoka magurudumu hadi juu, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akafika mbele ya yule mama, akampa mkono.

"Karibu sana, madam," alisema. "Mimi ndiye marehemu."